Bastola ya .22 kwa kupiga shabaha: ipi inafaa ukiwa Uganda?

Tik.

Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifundisha kuchagua bastola. Ilikuwa Jumamosi yangu ya tatu uwanjani, nje kidogo ya Jinja, na mwalimu wangu, sajenti mstaafu, alikuwa amesimama nyuma ya bega langu la kulia. Risasi saba zilikuwa zimelia vizuri. Ya nane ikagoma.

"Afande, imekataa."

"Iache hapohapo, mama. Mtutu usihame kwenye shabaha. Hesabu mpaka thelathini, polepole."

Nikahesabu. Kisha akaniambia nitoe magazini (kasha la risasi), nivute slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, risasi ikadondoka kwenye mkeka. Aliiokota, akaipangusa kwa kidole gumba, akanionyesha kitako chake. Pembeni kabisa, kwenye ule ukingo mwembamba wa shaba, palikuwa na kidonda cha mstatili kisichozidi punje ya mtama. Pini, ule msumari mdogo unaogonga risasi ili ilie, ilikuwa imegonga sawasawa na kwa nguvu ya kutosha. Akaizungusha ile risasi nusu duara, akairudisha mwenyewe kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, akalenga, akapiga. Ikalia kama wenzake.

Siku hiyo nilielewa kwamba mtu anayenunua bastola ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22, ananunua pia tabia ya risasi zake. Risasi ya milimita 9 ina fataki yake, ile dawa inayowasha baruti, katikati ya kitako cha ganda, kama kifungo kilichobanwa mahali pake. Ya .22 haina kifungo hicho. Dawa ya fataki humiminwa ikiwa mbichi ndani ya ganda, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili dawa isambae kwenye ukingo pande zote. Ikisambaa vibaya, sehemu fulani ya ukingo hubaki tupu, na pini ikiangukia hapo, unasikia tik. Kiwanda kizuri hupunguza tatizo hili, ila hakuna kinachoweza kuliondoa kabisa. Risasi yenyewe, .22 Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens, na mpaka leo muundo wake ni uleule.

Ndiyo maana mtu akiniletea simu yenye picha ya bastola na kuniuliza "hii ni nzuri?", swali langu la kwanza ni: risasi utapata wapi, na za aina gani?

Kwa wenzetu wa Marekani au Ulaya, mpigaji hununua boksi za aina kumi, anazijaribu zote, anachagua ile ambayo bastola yake inaipenda. Sisi tunapiga tulichokipata. Mwezi huu muuzaji ana za mwendo wa kawaida, zile za takriban mita 326 kwa sekunde zikipigwa kwa bunduki ndefu; mwezi ujao ana za kasi tu; mwezi wa tatu hana kitu. Niliwahi kuuziwa na duka moja boksi zilizokaa mahali penye unyevu mpaka kadibodi ikawa laini kama mkate. Katika hamsini, kumi na moja ziligoma. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha bastola ni kama inakula inachopewa. Uzuri wa triga na jinsi inavyojaa mkononi ninavipima baada ya hapo.

Kuna jambo la pili ambalo wasomaji wa nchi nyingine hawalibebi kama sisi. Sheria yetu ya Silaha ya mwaka 1970 inataka uwe na cheti cha polisi, na kukipata ni safari: barua, mahojiano, kusubiri. Ukikosea kuchagua, huwezi kubadilisha wiki ijayo kama mtu anayerudisha viatu dukani, kwa sababu silaha mpya ina karatasi zake. Chagua kana kwamba hutanunua nyingine kwa miaka kumi.

Sasa tuziweke mezani.

Zile zilizozaliwa kwa ajili ya shabaha

Tatu hujitokeza kila mara watu wanapozungumza: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory. Kwenye karatasi zinafanana mno. Zote hubeba risasi kumi kwenye magazini. Zote huuzwa na mtutu wa inchi tano na nusu, yaani sentimita 14. Uzito wao unazunguka kilo moja. Mark IV ya chuma kisichoshika kutu ni nzito zaidi, Buck Mark huwa nyepesi kidogo.

Kinachoziunganisha hasa ni kwamba mtutu hautikisiki na vilengeo havisafiri. Kwenye Ruger na Victory, kinachorudi nyuma risasi ikilia ni kipande cha chuma kilicho ndani ya mwili wa bastola. Kilengeo cha nyuma na cha mbele vimekaa juu ya chuma kisichotembea. Buck Mark ina slaidi fupi nyuma, lakini kilengeo kimefungwa kwenye reli isiyosogea. Ukilenga kitu leo na kesho, uhusiano wa macho yako, vilengeo na mtutu ni uleule. Katika shabaha rasmi ya kutulia ya mita 25, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 50, dogo kidogo kuliko kitako cha chupa ya soda. Hapo kila kisichotikisika ni rafiki.

Tofauti huanza ukifika nyumbani jioni, umechoka, mikono inanuka baruti, na bastola inataka kusafishwa.

Ruger ya kwanza ilitoka mwaka 1949, na kwa karibu miaka sabini wajukuu wake, Mark I mpaka Mark III, walijulikana kwa mambo mawili: hawafi, na kuwarudishia vipande vyao baada ya kuwafungua ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Mwalimu wangu aliwahi kumwona afisa mzima akiondoka uwanjani na Mark II yake ndani ya mfuko wa plastiki, vipande vipande. Mwaka 2016 Mark IV ikaja na kitufe kimoja nyuma, juu ya mpini. Hakikisha haina kitu, ikoki, weka usalama, bonyeza, na sehemu ya juu inainuka mbele kama kifuniko cha sanduku. Unavuta kile kipande cha ndani, unapitisha brashi kwenye mtutu kuanzia upande wa chemba, unafuta, unarudisha. Dakika kumi, na hakuna spana. Kwa nchi ambayo fundi wa silaha hakai kila mtaa, kitufe hicho kina thamani kubwa kuliko nilivyofikiri nilipokisoma mara ya kwanza.

Buck Mark, ambayo ilianza mwaka 1985, ina triga ambayo ningependa kila anayejifunza aiguse angalau mara moja. Huvuta kidogo, inakuta ukuta, inakatika kama kijiti kikavu, na kidole hakiburuzi. Wengi huipenda bila kubadilisha chochote. Mpini wake ni mwembamba pia, na sisi wenye viganja vidogo tunaushika bila kunyoosha vidole. Lakini kuifungua sawasawa kunahitaji alenki (ufunguo wa pembe sita) wa kufungua skrubu mbili zinazoshika ile reli ya kilengeo, na skrubu hizo zina washa, yaani pete ndogo za chuma, za kuzuia zisilegee. Ukipoteza washa moja kwenye majani ya uwanjani, hutaipata, na skrubu itaanza kulegea polepole bila wewe kujua, shabaha zikitawanyika kila wiki zaidi. Anayeimiliki afungulie juu ya kitambaa cheupe, na aagize skrubu na washa za akiba mapema, kabla hajazihitaji.

Victory nayo ilitoka mwaka 2016, ya chuma kisichoshika kutu, na inafunguka kwa skrubu moja. Sifa yake kubwa kwa Wamarekani ni kwamba mtutu unaweza kutolewa na kuwekwa mwingine, mrefu zaidi au mzito zaidi. Hapa kwetu ningetulia kabla ya kushangilia. Mwaka 2018, baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama zake, ili risasi iliyopigwa iweze kutambuliwa imetoka kwenye silaha ipi. Mtutu ndio unaochora alama hizo juu ya risasi. Ukibadilisha mtutu, bastola yako si ileile iliyosajiliwa. Usifanye hivyo kabla ya kuuliza polisi na kupata jibu kwa maandishi. Kwa hiyo sifa ambayo kule huuza bastola hii, kwetu karibu haina kazi, na mtu alinganishe Victory na zile mbili kwa mengine: ni imara, inapiga vizuri, na boksi lake linakuja na reli ya kufungia kilengeo cha nukta nyekundu, kile cha betri kinachoonyesha nukta ya mwanga badala ya vilengeo viwili vya chuma.

Hilo la nukta nyekundu nisilipite haraka, maana linawahusu wenzangu waliovuka miaka arobaini na mitano. Macho yakianza kuhitaji miwani ya kusomea, kilengeo cha mbele huwa ukungu, na hakuna mazoezi yatakayokirudisha. Nukta nyekundu haitaki macho yako yahangaike kati ya vilengeo viwili na shabaha. Unaangalia shabaha, nukta inaelea juu yake. Nyingi hutumia betri ya duara ya CR2032, ileile ya funguo za magari, inayopatikana Kampala na hata Mbale. Mark IV Target ina matundu tayari ya kufungia reli. Kama macho yako ni ya umri wangu, lihesabu jambo hili tangu siku ya kwanza.

Zile zinazofanana na bastola za kazi

Glock 44 na Taurus TX22 ni za kundi jingine. Glock 44 ilitambulishwa mwishoni mwa mwaka 2019, umbo na ukubwa wake vikiwa vya Glock 19 ya milimita 9, ila haifiki nusu kilo na magazini yake ni ya risasi kumi. TX22 ilitoka mwaka huohuo wa 2019, ina uzito wa karibu nusu kilo na magazini ya risasi 16.

Askari mstaafu au mlinzi binafsi aliyezoea bastola ya kazi hutabasamu akiishika Glock 44. Kila kitu kiko pale mkono wake ulipokitarajia, na anaweza kufanya mazoezi mengi kwa risasi za bei nafuu bila teke la milimita 9. Kwa mtu huyo ninaipendekeza bila kusita. Lakini kwa mtu anayetaka kukaa Jumamosi moja na karatasi ya duara, akitafuta kundi dogo la matundu, wepesi huo unamgeuka. Bastola nyepesi hufuata kila pumzi na kila mpigo wa moyo. Vilengeo vimekaa juu ya slaidi, na slaidi inasafiri kila risasi. Triga ni ndefu, kama ilivyo kwenye silaha ya kazi, kwa sababu nzuri za usalama ambazo mpiga shabaha hazihitaji.

Na hapa tunarudi kwenye risasi. Slaidi hizi huendeshwa na nguvu ndogo ya .22 peke yake. Glock walitengeneza ya kwao kwa chuma na plastiki ngumu pamoja ili iwe nyepesi kiasi cha kusukumwa. Ukiipa risasi dhaifu, au zilizovuta unyevu, slaidi haifiki nyuma kabisa, na ganda tupu linabanwa mlangoni likiwa limesimama wima. TX22 imesifiwa sana kwa kutochagua sana chakula, na ningeitazama kabla ya nyingine katika kundi hili kama mtu ana nia ya kupiga kwa kasi shabaha za chuma. Ila hakuna ya kundi hili ninayoweza kumpa anayeanza kama bastola yake pekee ya shabaha.

Ruger SR22 na Walther P22 nazo zipo, ndogo na nyepesi, mtutu wa takriban sentimita tisa. Zinafurahisha kwa mita saba. Kwa mita 25 zitakuonea.

Rivolva

Hizi ni bastola zenye silinda inayozunguka ikiwa na risasi ndani yake. Watu huziona kama za sinema za zamani, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu kwa mazingira yetu rivolva ina hoja nzito kuliko zote. Haisukumwi na nguvu ya risasi. Inazungushwa na kidole chako. Risasi dhaifu, ya kasi, ya mwendo wa kawaida, zote zinapita mlango uleule. Hakuna magazini ya kupotea au kupinda midomo. Na rivolva ikipiga tik, risasi inayofuata iko tayari.

Lakini sikiliza hili vizuri, kwa sababu wengi hulikosea. Rivolva ikigoma, usivute triga tena papo hapo. Mara chache fataki huungua polepole na risasi hulia baada ya sekunde kadhaa. Ukiwa umeshazungusha silinda, italia ikiwa haijaelekea kwenye mtutu. Ni zilezile sekunde thelathini za Afande, mtutu ukitazama shabaha, bila kuzungusha chochote.

Smith & Wesson 617 ndiyo mama yao. Ya mtutu wa inchi sita ina uzito wa karibu kilo moja na robo, chuma kisichoshika kutu, silinda ya risasi kumi, kilengeo cha nyuma kinachorekebishika. Ukikoki nyundo kwa kidole gumba, triga yake ni nyepesi na safi, tayari kwa kupiga taratibu. Ukiacha nyundo na kuvuta triga moja kwa moja, ni nzito, na uzito huo ni mwalimu mkali: miezi sita ya kuvuta triga nzito bila kuhamisha kilengeo hufanya triga nyingine yoyote duniani ionekane rahisi. Kasoro yake ni bei, na uchafu. Baada ya risasi mia hivi, nta na masizi hujaa kwenye vyumba vya silinda, risasi mpya zinakataa kuingia mpaka mwisho, maganda yaliyopigwa yanakataa kutoka. Beba brashi ndogo, pitisha kila kimoja, endelea.

Upande wa pili wa mfuko kuna Ruger Wrangler. Ilipotoka mwaka 2019 bei yake ya tangazo kule Marekani ilikuwa dola 249. Ni ya risasi sita, gramu 850 hivi, mwili wa aluminiamu, mtutu wa sentimita 12 kidogo kasoro. Unajaza risasi moja moja kupitia mlango wa pembeni, unakoki kila mara, unazisukuma nje moja moja kwa kijiti. Mwenye haraka atachukia. Mimi nimeona wanafunzi wakipiga vizuri zaidi na rivolva ya namna hii kuliko na bastola ya magazini, kwa sababu hawawezi kumwaga risasi. Kila moja inataka uamuzi wake. Tatizo ni vilengeo. Havirekebishiki. Kama risasi uliyopata inapiga sentimita nne kushoto, utalenga sentimita nne kulia mpaka upate risasi nyingine.

Unyevu, vumbi, na mafuta ya cherehani

Anayeishi karibu na ziwa, Jinja, Entebbe au Masaka, anajua kinachotokea kwa kisu kikisahaulika kwenye sinki. Bastola ya chuma cheusi itaota kutu nyekundu kwenye alama za vidole vyako ndani ya siku chache za mvua za Machi au za Oktoba. Kama bei inaruhusu, chukua ya chuma kisichoshika kutu, hata kama nyeusi inapendeza zaidi machoni. Kama umechukua nyeusi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiigusa. Usiiache ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hunywa maji na kuyahifadhi.

Kwa wenzetu wa Arua na Gulu wakati wa kiangazi, adui ni vumbi, na hapo mafuta mengi ni kosa. Vumbi na mafuta hufanya ugali mwembamba ndani ya njia ya slaidi. Tone moja la mafuta ya cherehani, lisambazwe kwa kidole, yaliyozidi yafutwe. Mswaki wa zamani unafanya kazi vizuri kuliko vifaa vingi vinavyouzwa. Baada ya hapo osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chakula au mtoto, maana risasi hizi nyingi ni madini ya risasi matupu, na vumbi lake hubaki kwenye vidole.

Sanduku la kuhifadhia nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea wa Katwe, chuma cha milimita nne, limefungwa ukutani kwa bolti nne kutoka ndani. Bastola chumba kimoja, risasi chumba kingine, funguo mbili tofauti. Wajukuu wangu hawajui lilipo.

Jambo la mwisho kabla ya uamuzi: usiidharau .22 kwa udogo wake. Maboksi mengi huandikwa onyo kwamba risasi inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili. Sauti yake kutoka kwenye bastola hupita desibeli 140, kwa hiyo vaa vizibo vya masikio hata ukipiga risasi tano tu. Na ardhi yetu ya murramu ina vijiwe. Risasi laini ikigonga kijiwe kwa pembe hurudi au huruka. Tuta la nyuma ya shabaha liwe la udongo uliochekechwa, refu kumzidi mtu, na wewe uvae miwani.

Ningemwambia nani achukue ipi

Anayeanza, mwenye nia ya shabaha tu, na uwezo wa wastani: Ruger Mark IV Target ya chuma kisichoshika kutu. Nimefikiri sana kama napendelea triga ya Buck Mark kiasi cha kubadilisha jibu hili, na sipendelei kiasi hicho, kwa sababu bastola isiyosafishwa kwa kuwa ni usumbufu kuifungua haipigi vizuri hata ikiwa na triga ya dhahabu. Ukipata Mark IV iliyotumika, angalia namba zake: zile za mwanzo, zinazoanza na 401 au WBR na zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017, ziliitwa kiwandani kwa sababu usalama wake ukiwa nusu njia ungeweza kuruhusu risasi kulia baadaye. Muuzaji akuonyeshe kwamba ilirekebishwa, la sivyo iache.

Mwenye mkono mdogo, mtulivu, anayependa kufanya kazi ndogondogo kwa uangalifu, achukue Buck Mark na skrubu zake za akiba. Mwenye kutaka kupiga chini ya kanuni za kimataifa siku moja akumbuke mipaka ya bastola ya mita 25: mtutu usizidi milimita 153, uzito usizidi gramu 1,400, triga isiwe nyepesi kuliko gramu 1,000. Asije akanunua mtutu mrefu wa kupendeza halafu akaambiwa arudi nyumbani.

Aliye mbali na Kampala, anayepata risasi kwa bahati na kila mara za aina nyingine, achukue 617 kama mfuko unamruhusu, na Wrangler kama haumruhusu. Aliyezoea silaha ya kazi achukue Glock 44 akijua anachokiacha.

Kabla ya kulipa, omba kuipiga mbele ya muuzaji, kwenye uwanja ulioruhusiwa, na risasi zilezile utakazozipata mtaani kwako, hamsini kamili. Zikigoma, zungusha moja uijaribu tena kama Afande alivyofanya, ili ujue ni risasi au ni pini inayogonga kwa unyonge. Alama ya pini ikiwa hafifu kwenye risasi zote, kosa ni la bastola.

Mimi ninaweka daftari la shule la kurasa 48 ndani ya mkoba wa uwanjani. Tarehe, aina ya risasi, idadi iliyopigwa, iliyogoma, na kama ilikuwa mvua. Katika mia tano za mwisho ziligoma tatu, zote za boksi moja, na boksi hilo nimeliandika jina kwa wino mwekundu.